Mashine Inajuaje Kilicho Mbele Yake? Vihisi na Udhibiti katika Uzalishaji Nyumbufu

Mashine za zamani za kukereza zilizojiendesha zenyewe hazikuwa na jicho hata moja, na kazi zilifanya. Ndani yake zilizunguka kamu, vipande vya chuma vilivyochongwa vikawa na vinundu na mabonde. Kinundu kikipita, kikatio kinasukumwa mbele. Bonde likipita, kinarudi. Kamu nyingine ilifungua taya, nyingine ikavuta nondo. Skrubu elfu kumi zilitoka zikifanana kama pacha, na mashine haikuhitaji kujua lolote kwa sababu yote ya kujua yalikuwa yameshachongwa kwenye chuma. Shida ilikuja siku ulipotaka skrubu ya urefu mwingine. Zima, fungua, toa kamu, funga nyingine, jaribu, pima, rekebisha, pima tena. Siku imekwisha.

Uzalishaji nyumbufu ni mbinu ya kuikwepa siku hiyo. Laini moja itoe kifuniko cha pampu sasa hivi, dakika chache baadaye itoe kasha la gia, kisha irudi kwenye kifuniko, na hakuna aliyeshika spana. Wengi wakisikia hivyo huwaza mikono ya roboti inayopinda kila upande. Mikono ndiyo sehemu rahisi. Kila chuma unachokiondoa, iwe kamu, kizuizi au kishikizi cha umbo moja, kilikuwa kimebeba ujuzi fulani: kwamba kipande kipo hapa, kimeelekea huku, urefu wake ni huu. Ukishakiondoa, ujuzi ule lazima upatikane kwingine, na hapo ndipo kihisi kinapoingia. Kwa maoni yangu, anayenunua unyumbufu kwa kweli ananunua vihisi, pamoja na mantiki ya kuamua ni lini kihisi kiaminiwe na ni lini kitiliwe shaka. (Karakanani wengi husema "sensa" na wanaelewana. Kwenye maandishi mimi nabaki na "kihisi", maana "sensa" humfanya msomaji afikirie kuhesabiwa watu.)

Bolti yenye taa

Tuanze na kihisi kinachoonekana kila kona ya kiwanda, kile cha ukaribu kinachotambua metali bila kuigusa. Kampuni ya Pepperl+Fuchs ya Ujerumani ndiyo iliyokitengeneza, mwaka 1958. Kwa nje utadhani ni bolti: kina uzi wa kufungia nati, unene wake kama wa kidole, kichwa cha plastiki, na mkiani zinatoka waya tatu, ya kahawia na ya bluu za kukilisha umeme, ya nyeusi ya kupeleka habari. Kichwani mna koili inayopitishiwa mkondo unaokwenda na kurudi kwa kasi kubwa. Metali ikisogea karibu, uga wa sumaku wa koili huamsha mikondo midogo ndani ya metali yenyewe, mikondo hiyo inakula nishati, mtetemo wa umeme ndani ya kihisi unafifia, na sakiti inageuka: kipande kipo. Kitaa kidogo cha njano kinawaka. Hakuna kinachosuguana, na mafuta yakimwagika juu yake hakijali.

Sasa tazama inavyokuwa laini ikitakiwa kubadilika. Kwenye karatasi ya kihisi pameandikwa kwamba kinaona hadi milimita 4. Namba hiyo hupimwa kwa chuma cha kawaida. Chuma kisichoshika kutu kikija, umbali unashuka hadi kama asilimia 70 ya ule wa kwanza. Alumini ikija, unashuka hadi karibu asilimia 40. Shaba, chini zaidi. Fundi alikifunga kihisi milimita 2.5 kutoka kwenye kipande na kikafanya kazi mwaka mzima bila lawama. Siku laini inapopangiwa kipande cha alumini chenye umbo lilelile, kihisi kinaweza kuona mwisho wake milimita 1.6 tu. Kipande kimekaa pale, mkanda umesimama kukisubiri, na ukienda kupima waya unakuta zote nzima. Kihisi hakijaharibika. Swali lililoulizwa wakati wa kukifunga lilikuwa "je, kinaona?", kumbe lilipaswa kuwa "je, kitaona pia kile kitakachokuja mwezi ujao?" Vipo vihisi vya ukaribu vilivyobuniwa kuona metali zote kwa umbali mmoja, na sababu ya kuwapo kwake ndiyo hii.

Vihisi vya mwanga navyo vina hadithi yao: kitu cheusi humeza mwanga, kinachong'aa huurudisha upande usiotarajiwa, chupa huupitisha. Kamera huona zaidi ya vyote, ila anayeanza na kamera mara nyingi husahau kwamba nusu ya kazi yake ni taa. Kivuli kikihama, programu inaona kipande kingine.

Kihisi hupima pale kilipofungwa

Kujua kwamba kipande kipo ni jambo moja. Kujua kikatio kiko wapi, kwa usahihi wa sehemu ndogo za milimita, ni jambo jingine, na hapo anaingia mpimaji anayeitwa enkoda. Ni kisahani kilichofungwa nyuma ya mota, kimechorwa mistari, na mwanga unapenya kati ya mistari hiyo. Wasomaji wa mwanga ni wawili, wamepishana kwa robo ya mstari, ili mfumo ujue si mizunguko mingapi tu bali pia mota inaelekea upande gani: anayetangulia kuona ndiye anayetaja upande. Kisahani cha mistari 1,000 kikisomwa hivyo hutoa hesabu 4,000 kwa mzunguko. Kama mota inazungusha skrubu ndefu inayosogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko, hesabu moja ni sawa na mikromita 1.25. Unywele wa binadamu ni mnene mara kadhaa ya kumi kuliko hapo.

Hesabu tamu, na ni ya kweli, ila inahusu mota. Meza ni habari nyingine. Skrubu ile ikifanya kazi inapata joto, na chuma hurefuka kiasi cha mikromita 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Skrubu ya nusu mita ikipanda joto kwa nyuzi 10 imerefuka mikromita 60. Enkoda haijui. Inaendelea kutoa hesabu zake 4,000 kwa uaminifu kamili, na kipande kinatoka na tundu lililohama. Dawa mojawapo ni kubandika rula ya kioo kwenye meza yenyewe na kusoma pale. Ni ghali zaidi na inadai kulindwa dhidi ya maji na chembe za chuma, lakini inapima kile unachotaka kukijua badala ya kukikisia kutoka kwa jirani yake.

Dawa nyingine ni kugusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, David McMurtry, akiwa mhandisi wa Rolls-Royce nchini Uingereza, alihitaji kupima mabomba membamba ya mafuta ya injini za ndege ya Concorde bila kuyapinda. Akabuni kipimio chenye ncha ya tufe dogo juu ya kijiti kilichokaa kwenye sehemu za kupumzikia zinazopitisha umeme. Ncha ikiguswa hata kidogo, umeme unakatika, na mashine inaandika papo hapo ilikuwa wapi. Leo kipimio cha aina hiyo hukaa kwenye rafu pamoja na vikatio ndani ya mashine ya kuchonga. Mashine inakichukua, inakigusisha kwenye kona tatu za kipande kilichofungwa vibaya kidogo, inahesabu kimepinda kiasi gani, halafu inaupinda mpango wake wote uendane nacho. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kishikizi kilichochongwa kwa wiki kadhaa.

Karani wa milisekunde kumi

Habari zote hizi zinakwenda kwa nani? Katika viwanda vingi zinakwenda kwa PLC, kompyuta ya kiwandani yenye asili ya kuvutia. Mwaka 1968 Hydra-Matic, kitengo cha General Motors kilichotengeneza giaboksi za kujibadilisha, kilikuwa kimechoshwa na makabati ya rilei. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Ukiziunganisha mamia kwa waya unapata mantiki, kwa mfano pistoni hii isitoke mpaka ile iwe imerudi. Modeli ya gari ikibadilika, mafundi walikuwa wanafumua waya na kuzisuka upya. Kampuni ndogo ya Bedford Associates, aliyokuwamo Dick Morley, ilijibu kwa mashine waliyoiita 084 kwa kuwa ulikuwa mradi wao wa 84, na kutokana nayo likazaliwa jina Modicon. Mantiki ikahama kutoka kwenye waya ikaingia kwenye kumbukumbu. Werevu wao mkubwa, nadhani, ulikuwa lugha waliyoichagua: programu ilichorwa kama ngazi, nguzo mbili na vipandio, mchoro uleule ambao fundi umeme alishauzoea kwenye rilei. Hakuna aliyelazimika kugeuka mwanahisabati.

Lakini PLC haivitazami vihisi vyake muda wote. Ifikirie kama karani. Anapita dirishani na kuandika hali ya kila kihisi kwa mkupuo mmoja, anarudi mezani na kuipitia programu kutoka kipandio cha juu hadi cha chini akitumia ile karatasi aliyoandika, kisha anatoa amri zote kwa pamoja. Halafu anaanza upya. Zamu moja inaweza kuchukua milisekunde 10, na kwa mwanadamu hiyo si chochote. Kwa mkanda unaokwenda mita 2 kwa sekunde, ni milimita 20 za safari. Kipande chenye upana wa milimita 6 hupita mbele ya kihisi kwa milisekunde 3 tu. Kinaweza kuja na kwenda zake karani akiwa ameinamia meza, na kwenye vitabu vyake hakijawahi kuwapo.

Hili nalo huwapata zaidi wanaobadilisha bidhaa. Laini ilijaribiwa kwa vipande vya milimita 60 na haikukosa hata kimoja. Kikaja kipande chembamba na hesabu ikaanza kupungua, mara kimoja, mara viwili, bila mpangilio, kwa sababu inategemea karani yuko wapi wakati huo. Ishara za namna hiyo hupelekwa kwenye mlango maalumu wenye ruhusa ya kumkatiza karani, au kihisi kinaagizwa kuishikilia ishara yake kwa muda kabla ya kuiachia.

Mshika usukani

Yapo mambo ambayo milisekunde 10 ni uvivu mtupu kwayo. Kuendesha mota kwa ulaini ni mojawapo, na kazi hiyo huachiwa kifaa cha mota yenyewe, chenye mizunguko ya udhibiti (pima, linganisha na kinachotakiwa, rekebisha, pima tena) iliyokaa mmoja ndani ya mwingine: wa ndani kabisa unaangalia mkondo wa umeme, unaoufuata unaangalia kasi, wa nje unaangalia mahali. Wa ndani ndio wenye haraka kuliko wote.

Namna mizunguko hii inavyofikiri iliandikwa kabla ya kompyuta. Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alitoa andiko lake mwaka 1922 kuhusu meli zinazojiongoza, baada ya kuangalia washika usukani wenye uzoefu wanavyofanya. Mshika usukani mzuri haangalii tu meli imetoka njiani kiasi gani. Anaangalia pia inageuka kwa kasi gani, ili aurudishe usukani kabla chombo hakijapitiliza. Na akiona upepo unaisukuma upande mmoja kwa muda mrefu, anauacha usukani umelalia kidogo upande wa pili. Kosa la sasa, kosa lililorundikana, na mwendo wa kosa: hayo matatu, kila moja likizidishwa kwa uzito wake kisha yakajumlishwa, ndiyo udhibiti unaojulikana kwa herufi PID, na bado ndio unaoendesha sehemu kubwa ya viwanda.

Ugumu upo kwenye ule uzito. Jahazi tupu na jahazi lenye shehena haviitikii usukani sawasawa. Mkono wa roboti uliorekebishwa kubeba kilo 2 utapewa kilo 20 na kuanza kuyumba ukifika, au utakuwa mzito wa kuitika na kupitiliza. Uliorekebishwa kwa kilo 20 ukipewa kitu chepesi unaweza kutetema kwa mlio wa kuudhi. Katika laini ya bidhaa moja fundi anarekebisha mara moja na kuondoka. Katika laini nyumbufu hakuna namba moja iliyo sahihi, kwa hiyo mfumo hubeba seti kadhaa za namba na kuzibadilisha kadiri mzigo unavyobadilika. Ila ili uchague seti, lazima ujue umebeba nini, na hapo tunarudi kwenye swali la kwanza kwa njia ya mlango wa nyuma.

Wewe ni nani?

Njia iliyozoeleka ni kufunga kipande juu ya paleti, na kwenye paleti kuweka kitambulisho kinachosomwa kwa mawimbi ya redio. Ni chipu ndogo isiyo na betri. Msomaji akiikaribia, inapata nguvu kutoka kwenye mawimbi yake na kutaja jina lake. Paleti inafika kituoni, kituo kinasoma "kasha la gia, operesheni ya tatu", kinaita programu ya kuchonga inayohusika, vikatio vinavyohusika, seti ya namba inayohusika, kinafanya kazi, kisha kinaandika juu ya chipu: ya tatu imekamilika. Paleti inatembea na cheti chake mgongoni.

Kasoro ya utaratibu huu ni kwamba kitambulisho kiko kwenye paleti, wala si kwenye kipande. Mtu anayepakia akikosea, paleti inayosema "kifuniko" inabeba kasha, na mashine itaamini cheti. Kikatio kinachozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika kinashuka kwa mwendo wa haraka kuelekea mahali ambapo, kwa mujibu wa kumbukumbu, pana hewa. Wanaoijua kazi hii hawaruhusu shahidi mmoja. Kabla ya kukata, kile kipimio cha kugusa kinashushwa polepole mahali ambapo vipande viwili vinatofautiana kabisa: kifuniko kina urefu wa milimita 42 pale, kasha lina 95. Kikigusa mapema kuliko ilivyotarajiwa, kila kitu kinasimama. Inagharimu sekunde chache kwa kila kipande, na wapo mameneja wanaotamani kuzifuta sekunde hizo. Nisingezifuta.

Kihisi kinachosema uongo

Zaidi ya kihisi kisichoona, kuna kinachoona visivyo, na kuna kilichokufa huku mfumo ukidhani kiko hai. Wahandisi wa zamani walilitatua hili la tatu kwa uzuri ninaoustaajabia kila mara. Vipimo vya shinikizo, joto au mtiririko husafirishwa kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20. Kwa nini kisianze na sifuri? Kwa sababu sifuri ni lugha ya waya uliokatika. Kama kipimo ni cha baa 0 hadi 10, basi miliampia 4 ni "hakuna shinikizo", 12 ni baa 5, 20 ni baa 10, na miliampia 0 ni "usinisikilize, nimekatika". Kimya na sifuri havichanganywi.

Kitufe cha kusimamisha mashine kwa dharura kinafuata busara hiyohiyo. Waya zake hupitisha umeme muda wote, na kukibonyeza ni kuukata. Panya akitafuna waya, mashine inasimama. Ungefungwa kinyume, waya uliotafunwa usingegunduliwa mpaka siku ya ajali. Kamba hukatikia pabovu, na hapa pabovu panalazimishwa kupiga kelele mapema. Tabia hii ni ya kale kuliko elektroniki: mtambo wa kufuma wa Sakichi Toyoda wa mwaka 1924 ulisimama wenyewe uzi ukikatika, hivyo haukuendelea kufuma nguo mbovu.

Udhibiti wa usalama hutengwa na ule wa uzalishaji kwa sababu hii. Programu ya kazi itabadilishwa mara nyingi, mkono wa roboti utapewa njia mpya kila bidhaa mpya ikija, lakini pazia la mwanga linalolinda mlango wa seli, yaani kundi la mashine zinazofanya kazi pamoja, huunganishwa na kidhibiti chake, kwa njia mbili zinazochungana. Zikitofautiana, mashine inazimwa bila mjadala.

Na uongo unaweza kupandikizwa. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kiliingia kwenye PLC za mitambo ya kurutubisha urani huko Natanz, Iran, kikabadilisha kasi ya mashine zinazozunguka, na wakati huohuo kikawa kinawaonyesha waendeshaji vipimo vya kawaida kilivyorekodi awali. Skrini zilikuwa shwari. Anayeunganisha laini yake na mtandao hana budi kujiuliza anayemwambia "hali ni nzuri" ni kihisi au ni rekodi.

Paleti iliyowekwa kando

Juu ya yote hukaa kompyuta ya seli. Haina haraka, mota inahesabu kwa mikrosekunde, PLC kwa milisekunde, yenyewe inahesabu kwa dakika: paleti ipi iende mashine ipi, kikatio gani kimekaribia kuwa butu, nani asubiri. Wazo hili ni la miaka ya 1960, Theo Williamson wa kampuni ya Molins ya Uingereza alipobuni mfumo ulioitwa System 24, kwa nia kwamba mashine zifanye kazi saa 24 chini ya kompyuta, usiku zikiwa peke yake.

Usiku peke yake ndipo utaona kama mfumo umebuniwa vizuri. Saa nane za usiku kipimio kinagusa kipande na kupata milimita 42.3 mahali pa 42.0. Si kasha, basi, ila si kifuniko kinachokubalika pia. Labda chembe ya chuma imenasa chini yake. Labda kimetoka kwenye kalibu kibaya. Mfumo mbaya una majibu mawili tu: kata hivyohivyo, au simamisha laini nzima mpaka asubuhi. Uliofikiriwa una la tatu. Unapuliza upepo juu ya kipande, unagusa tena, unapata 42.3 ileile, unaandika kwenye chipu "nina shaka", unaisukuma paleti kwenye meza ya pembeni, na kuita inayofuata. Fundi akifika asubuhi anakuta paleti kumi na tisa zimekwisha na moja imekaa kando, na kwenye skrini pana vipimo viwili, saa vilipochukuliwa, na nafasi kamili ncha ilipogusa. Anachukua tochi, anainama, na kuanza kutafuta chembe.